MAAKULI YA SISILIA NA SIKUKUU ZAKE

Ndugu msomaji, kabla hatujavuka bahari naomba nianzie hapa hapa, nyuma ya jikoni la shule. Ijumaa moja ya muhula wa pili githeri ililetwa ikiwa ngumu kidogo. Wenzangu wengi (nami nikiwemo, sitajitia utakatifu) walionja vijiko viwili kisha wakamwaga iliyobaki kwenye ndoo ya mama mmoja afugaye nguruwe. Sisi wa shule ya kutwa hubeba habari zote za mchana hadi nyumbani, basi jioni nikamsimulia nyanya yangu nikidhani atacheka. Hakucheka. Aliniuliza swali moja tu: "Mahindi yenyewe yalikuwa meupe?" Nikamwambia ndiyo, meupe. Akasema, "Basi," akaendelea kuchambua kunde zake.

Mama ndiye aliyenieleza baadaye. Mwaka wa 1984 mvua ilikosa, na huku kwetu Ukambani ikaingia njaa ambayo wazee huiita "nikw'a ngwete", maana yake ninakufa nimeshika, yaani pesa unazo mkononi lakini cha kununua hakuna. Chakula kilichofika kilikuwa mahindi ya manjano kutoka Marekani. Mama alikuwa na miaka minne. Tangu mwaka huo mahindi ya rangi hiyo hayajaingia nyumbani mwa nyanya, na habari zake huwa hazizungumzwi.

Wiki hiyo hiyo mwalimu mlezi wa chama chetu aligawa mada za jarida kwa kuokota vikaratasi. Changu kiliandikwa: "Vyakula vya kiasili vya Sisilia na desturi za misimu yake." Nilinung'unika, kwa nini nisipate mada ya methali kama wenzangu? Lakini nilipozama katika vitabu nilikutana na jambo lililonifanya niandike makala haya kwa moyo. Watu wa kisiwa hicho hawakuzificha njaa zao. Walizipangia siku katika kalenda, wakazitia sukari, wakaziita sikukuu.

Sisilia ni kisiwa cha Italia, kikubwa kuliko visiwa vyote vya Bahari ya Mediterania. Kina eneo la kilomita mraba zipatazo 25,700 na watu wapatao milioni 4.8. Mji mkuu ni Palermo. Upande wa mashariki umesimama mlima Etna, volkano iliyo hai hadi leo, yenye kimo cha zaidi ya mita 3,300. Fungua ramani: Italia ni mguu uliovaa buti, na Sisilia ni mpira unaokaribia kupigwa teke. Kwa kukaa hapo njia panda, kila mwenye merikebu alipita na wengi walikaa. Wagiriki walijenga mji wa Siracusa katika karne ya 8 K.K. (wanafunzi wa Dini wanaujua, Mtume Paulo alikaa hapo siku tatu akipelekwa Roma, Matendo mlango wa 28). Wakaja Warumi, wakaja Waarabu pamoja na Waberberi wa Afrika Kaskazini, wakaja Wanormani, Wafaransa, Wahispania. Kila mmoja aliacha kitu sufuriani.

Warumi walikifanya kisiwa hiki kuwa ghala lao la ngano. Sasa hapo ndipo nilipojiuliza swali: kisiwa kinachozaa ngano kiasi cha kulisha Roma, njaa ilitokea wapi? Jibu lake si la jiografia. Kwa karne nyingi mashamba makubwa yalikuwa ya mabwana wachache waliokaa mjini. Mkulima alilima na kuvuna, ngano ikateremshwa bandarini ikapakiwa melini kwenda kuuzwa ng'ambo. Mvua ilipokosa, bei ilipanda, na yule aliyevuna kwa mundu wake mwenyewe ndiye aliyekosa mkate. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi niliyesoma habari hizi nimeshiba githeri sikuzijua mpaka nilipomkumbuka nyanya na ile "nimeshika" yake.

Mwaka wa sikukuu tuuanze mwezi wa Desemba. Tarehe 13 ni siku ya Santa Lucia, binti wa Siracusa aliyeuawa kwa ajili ya imani yake mwaka wa 304. Siku hiyo katika mji wa Palermo familia nyingi haziweki mezani mkate wala tambi (spageti, kama tunavyosema wengi wetu). Hebu fikiria! Ni kama kumwambia Mkenya ashinde kutwa bila ugali. Badala yake watu hula "cuccìa", tamka kuchia: ngano nzima, isiyosagwa, iliyochemshwa.

Masimulizi ni haya. Mwaka wa 1646 kulikuwa na njaa kali. Watu walimwomba Santa Lucia, na siku yake ilipowadia meli iliyosheheni ngano ikaingia bandarini. Watu wa Palermo husema ilikuwa bandari yao, wa Siracusa husema ilikuwa yao, na mimi sitaingilia ugomvi wa majirani. Wote wanakubaliana juu ya kilichofuata. Watu walikuwa na njaa kiasi kwamba hawakungoja ngano isagwe unga, unga ukandwe, mkate uokwe. Waliitia ngano majini, wakaichemsha, wakaila hivyo hivyo kwa mafuta kidogo ya zeituni. Mwenye njaa hana miiko. Habari ya meli ni masimulizi ya watu, lakini dhiki ya miaka ile imo katika historia: mwezi wa Mei 1647 watu wa Palermo waliasi serikali ya Wahispania, na chanzo cha ghadhabu yao kilikuwa mkate.

Siku hizi cuccìa imevikwa nguo za arusi. Ngano hulowekwa siku mbili tatu, maji yakibadilishwa kila siku, kisha huchemshwa kwa saa kadhaa mpaka punje zipasuke. Ikipoa huchanganywa na "ricotta", jibini nyeupe laini ya maziwa ya kondoo, pamoja na sukari, vipande vya chokoleti na maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari. Kuna sehemu ambako huongezwa dengu. Mtoto wa leo huila kama kitu kitamu tu cha Desemba, lakini atauliza, kwa nini leo hakuna mkate? Na hapo bibi yake ataanza, "Zamani kulikuwa na njaa..." Hivyo ndivyo mambo ya karibu miaka mia nne yanavyoendelea kukumbukwa, kwa kunyimwa mkate siku moja.

Siku hiyo pia huliwa "arancine", mabonge ya wali yaliyotiwa nyama au jibini ndani, yakaviringishwa katika chenga za mkate na kukaangwa mpaka yakawa na rangi ya chungwa. Jina lenyewe lina maana ya chungwa dogo. Jambo la kuchekesha ni kwamba watu wa Palermo hulitaja neno hilo kwa jinsia ya kike, arancina, nao watu wa Catania kwa jinsia ya kiume, arancino, na kila upande huapa kwamba mwenzake anakosea. Sisi tuliokesha na ngeli usiku wa kuamkia mtihani hatuna haki ya kuwacheka.

Mwezi wa Februari, tarehe 3 hadi 5, Catania husherehekea Santa Agata, na huko huuzwa vijiperemende vya lozi vilivyofanywa mfano wa zeituni, vya kijani. Kisha huja siku za kujiachia kabla ya Kwaresima. Huo ndio uliokuwa msimu wa "cannoli", vile vibomba vya unga vilivyokaangwa na kujazwa ricotta tamu. Leo hupatikana mwaka mzima, na wazee hulalamika, kama wazee wa kila mahali.

Sikukuu iliyonishika zaidi ni ya tarehe 19 Machi, siku ya San Giuseppe, yaani Mtakatifu Yosefu mseremala. Husimuliwa kwamba hapo kale ukame uliipiga Sisilia, mimea ikakauka yote, watu wakamsihi Yosefu awaombee mvua. Mvua ikanyesha. Kilichookoka shambani na kuwalisha kilikuwa "fava", aina ya maharagwe mapana ambayo siku za kawaida aliyeyala alionekana fukara, na wengine waliwapa mifugo. Tangu hapo fava ni chakula cha heshima siku hiyo. Zile kavu hupikwa zikavurugika mpaka ziwe uji mzito uitwao "maccu", hutiwa majani ya shamari mwitu na mafuta ya zeituni. Fava moja kavu huwekwa mfukoni au katika kibeti, ati mwenye nayo hatapungukiwa na pesa. Wasisilia waliohamia Marekani, na walikuwa wengi mno, zaidi ya milioni moja waliondoka kisiwani kabla ya mwaka wa 1915, walikwenda na desturi hiyo. Katika mji wa New Orleans hadi leo altare za Mtakatifu Yosefu hutengenezwa kila Machi, na mgeni hupewa fava yake aondoke nayo.

Karamu yenyewe haiandaliwi kwa ajili ya wenye nyumba. Familia iliyoweka nadhiri, pengine mgonjwa wao alipona au mwana wao alirudi salama, huandaa meza kubwa, na zamani walipita nyumba kwa nyumba wakiomba unga na mafuta hata kama uwezo walikuwa nao, ili wajue kuomba kukoje. Meza ikiwa tayari huitwa maskini watatu, au watoto watatu, wawe mfano wa Yosefu, Maria na mtoto Yesu. Hawaingii tu. Hubisha mlango wa kwanza, wakaambiwa hakuna nafasi. Wakabisha mara ya pili, hakuna nafasi. Mara ya tatu mlango hufunguliwa na watu wote hushangilia. Hao watatu ndio hula kwanza, na mwenye nyumba, hata awe tajiri wa namna gani, husimama akiwahudumia. Wengine hupata baadaye.

Katika mji mdogo wa Salemi, magharibi ya kisiwa, altare hujengwa kwa fito zilizofunikwa majani ya mihadasi na kutundikwa machungwa na malimau, na katikati yake mikate. Si mikate kama ya dukani. Ni mikate iliyochongwa kwa kisu na kitana kama mapambo: jua, mwezi, tausi, maua, ngazi, nyundo na misumari ya seremala. Akina mama huanza kuikanda siku nyingi kabla. Nyama haimo kabisa kwa kuwa ni Kwaresima. Tambi za siku hiyo hunyunyiziwa chenga za mkate zilizokaangwa, na ukiuliza utaambiwa kwamba huo ni unga wa mbao wa karakana ya Yosefu. Mimi napenda maelezo hayo, lakini nadhani yako mengine chini yake: chenga za mkate mkavu ndizo zilizokuwa jibini ya maskini asiyemudu jibini. Mtu alinyunyiza mkate juu ya tambi, akafumba macho, akala.

Ujanja huo wa maskini umejaa katika mapishi yao. Mabwana walikula ndege wadogo wanono wanaoitwa "beccafico", wakiokwa na matumbo yao. Mpishi wa mtu wa chini alichukua sardini, samaki wa bei nafuu, akampasua, akamjaza chenga za mkate, zabibu kavu na njugu za msonobari, akamkunja mkia ukasimama kama wa ndege. Jina ni "sarde a beccafico", sardini wa kujifanya ndege. Leo mabwana wale hawapo na ndege wale hawaliwi tena mezani, lakini sardini wangali wanapikwa.

Mabadiliko ya majira yamo ndani ya desturi hizi pia. Kuna sehemu ambako siku ya Yosefu nafaka zote za jamii ya kunde zilizobaki ghalani tangu mwaka uliopita, dengu, maharagwe, fava na kadhalika, hupikwa chungu kimoja. Baridi imekwisha, mavuno mapya yako njiani, basi ghala lifagiliwe. Kwetu, mtungi wa kunde kavu ukikaribia kwisha, nyanya huchanganya kila kitu vile vile, ila hatujampa mtakatifu yeyote siku hiyo.

Naomba kutoka nje ya kalenda kidogo, maana hili ni jarida la Kiswahili na kuna ndugu zetu wa lugha tuwasalimu. Majeshi ya Kiislamu kutoka Afrika Kaskazini yalitua Sisilia mwaka wa 827, yakaishika Palermo mwaka wa 831, na utawala wao ulidumu mpaka Wanormani walipoutwaa mji huo mwaka wa 1072 na kumaliza kisiwa kizima mwaka wa 1091. Katika muda huo Waarabu walileta au kustawisha miwa, machungwa machungu, malimau na ufundi wa kumwagilia maji mashamba. Sasa sikiliza majina. Sisi tunasema sukari, Msisilia husema "zùccaru". Sisi limau, Waitaliano "limone". Zafarani ya pilau ya Pwani kwao ni "zafferano". Sharbati ni "sorbetto". Mabwawa madogo ya kuwekea maji ya kumwagilia bustani za machungwa huitwa "gebbia", tamka jebia, na katika visiwa vya Lamu watu huyaita matangi ya kukingia maji ya mvua "jabia". Ni neno moja la Kiarabu lililopanda vyombo viwili tofauti, kimoja kikaenda kaskazini na kingine kikaja kusini.

Na si hayo tu. Mfalme Roger wa Pili wa Sisilia alimwajiri mwanachuoni Mwarabu, al-Idrisi, amwandikie kitabu cha nchi zote zilizojulikana. Kilikamilika mwaka wa 1154. Humo al-Idrisi anaeleza kwamba pale Trabia, karibu na Palermo, watu hutengeneza vyakula vya unga mfano wa nyuzi, wakavisafirisha kwa meli kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Hizo ndizo tambi, na ni miongoni mwa habari za kwanza kabisa zilizoandikwa kuhusu tambi kavu katika Italia. Kitabu hicho hicho kinaitaja Malindi na kinaitaja Mombasa. Tambi za Trabia na mji wa Mombasa katika jalada moja! Niliposoma hapo nilisahau kwamba nilinung'unikia kikaratasi.

Turudi kwenye kalenda. Pasaka ni wakati wa "cassata", keki ya ricotta iliyozungushiwa ukanda wa kijani wa lozi na sukari na kupambwa matunda yanayong'aa kama vito. Ni wakati pia wa mwanakondoo wa lozi, mwenye macho na manyoya yake, ameketi kwenye sinia. Mji wa Favara unasifika kwa kondoo wake aliyejazwa pistachio. Watoto hupewa "cuddura", mkate uliookwa pamoja na yai zima lenye ganda lake, maana Kwaresima yote mayai yaliachwa na kuku hawakuacha kutaga.

Pasaka ina kumbukumbu nyingine isiyokuwa tamu. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 30 Machi 1282, watu wa Palermo waliwaasi Wafaransa waliokuwa wakiwatawala, wakaua wengi. Masimulizi husema kwamba aliyeshukiwa alionyeshwa dengu na kuambiwa ataje jina lake kwa Kisisilia: "ciciri", yaani chichiri. Mfaransa hakuweza kutamka "ch" hizo mbili, akasema sisiri, akauawa. (Ni kama ile habari ya "Shibolethi" katika Waamuzi mlango wa 12.) Kikamba chetu hakina "r", na mwalimu anapotukosoa kwa kusema "lafiki" badala ya "rafiki" sisi hununa. Walau yeye ana chaki tu mkononi.

Dengu hizo, nisieleweke vibaya, si ndengu zetu ndogo za kijani. Ni zile kubwa za rangi ya maziwa, zenye ncha, ambazo unga wake hutengenezewa bajia. Na kweli, Palermo huuza barabarani "panelle", vipande vyembamba vya unga wa dengu uliosongwa kama ugali, ukapoa, ukakatwa na kukaangwa kwa mafuta, kisha hutiwa ndani ya mkate. Huliwa siku zote, lakini siku ya Santa Lucia ndiyo hasa, kwa kuwa mtu hawezi kula mkate na panelle hula zenyewe.

Kiangazi nitakipitia mbio. Usiku wa tarehe 14 Julai Palermo humsherehekea Santa Rosalia, ambaye mifupa yake ilipatikana mwaka wa 1624 tauni ikiwamo mjini. Wakati huo watu hula konokono. Naam, konokono, wadogo, waliopikwa kwa kitunguu saumu, wakifyonzwa kutoka ganda lao. Niliposoma hili darasani kwa sauti wasichana wa dawati la mbele walipiga mayowe, na mvulana mmoja akasema heri githeri. Katikati ya Agosti huliwa "gelo", maji ya tikiti yaliyopikwa kwa sukari na wanga yakagandishwa, yakanukizwa kwa maua ya yasmini, na vipande vya chokoleti hutiwa viwe mfano wa mbegu.

Agosti ni mwezi wa nyanya. (Yale matunda, si nyanya yangu.) Nyanya zililetwa Ulaya na Wahispania kutoka Amerika, na Wasisilia wakazifanya zao. Jua likiwa kali, akina mama husaga nyanya, huzitia chumvi na kuzitandaza juu ya mbao uani. Hukaa hapo wakikorogakoroga kwa siku kadhaa, na jioni huziingiza ndani zisipate umande. Sinia zima hunywea mpaka kikabaki kibaba cha rojo nzito, nyekundu nyeusi, iitwayo "strattu". Kijiko kimoja hutosha mchuzi wa siku nzima wakati wa baridi. Ni kazi ya pamoja, majirani wakipokezana na kusengenyana, na vijana wengi siku hizi hununua mkebe dukani.

Novemba nayo ni ya wafu. Sisi tukisikia wafu hushikwa na woga, lakini mtoto wa Palermo husubiri usiku wa kuamkia tarehe 2 Novemba kama tunavyosubiri Krismasi. Ataambiwa kwamba babu na bibi waliofariki watakuja usiku kumletea zawadi, na alfajiri atazitafuta chini ya kitanda na nyuma ya kabati. Atakuta kapu lenye sanamu ya sukari iliyopakwa rangi, mpanda farasi au mcheza ngoma, matunda makavu, biskuti ngumu ziitwazo mifupa ya wafu, na "frutta martorana". Hayo ni matunda ya bandia ya lozi na sukari, na ukiyaona utaapa ni pichi na tini za kweli, hata doa la uozo limechorwa. Jina limetokana na nyumba ya watawa ya Palermo iliyoanzishwa na Eloisa Martorana mwaka wa 1194. Husimuliwa kwamba mgeni mkubwa alikuwa aje kuwatembelea wakati miti haina tunda hata moja, watawa wakayafanya ya lozi na kuyafunga matawini. Watawa walikuwa wapishi hodari wa vitu vitamu, mpaka sheria ya mwaka wa 1866 ilipozifunga nyumba zao nyingi na ufundi ukahamia madukani.

Kuna nyongeza moja: usiku huo kikunio cha jibini hufichwa. Mtoto mtukutu wafu watamkuna nyayo! Baada ya zawadi familia nzima huenda makaburini na maua. Kwa hiyo mtoto hukua akiwajua babu zake aliowakosa, kwa majina, na kwa utamu wa sukari.

Tarehe 11 Novemba, San Martino, mapipa ya mvinyo mpya hufunguliwa na biskuti ngumu huchovywa humo. Mwalimu mlezi ameniomba nisizidishe maelezo hapo. Krismasi ni "buccellato", mkate wa mviringo uliojazwa tini kavu na lozi. Lakini kabla yake Lucia amekwisha kurudi na ngano yake.

Mimi nimeijaribu cuccìa. Sokoni kwetu ngano nzima inapatikana, mwambie tu muuzaji usagiwe siku nyingine. Nililoweka kilo moja Jumatano, nikabadilisha maji Alhamisi na Ijumaa, nikaipika Jumamosi kwa jiko la makaa. Ilichukua saa tatu kasorobo na makaa ya mkebe mzima. Ricotta sikuwa nayo, nikatia maziwa lala na sukari. Nyanya alionja, akasema ingefaa chumvi. Kisha nikamsimulia habari ya 1646, meli na yote.

Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Hiyo meli ilitoka wapi?" Nikamwambia masimulizi hayasemi. "Yetu ilitoka Marekani," akasema. Halafu bila mimi kumuuliza akaanza. Alisema walipanga foleni kwa chifu tangu alfajiri, kila nyumba na gorogoro yake, mtoto mgongoni. Kwamba mahindi yale walisikia ni ya mifugo, na aibu ilikuwa kali kuliko ladha. Kwamba waliyapika kwa magadi na bado hayakuiva upesi, na mama yangu aliyakataa siku ya kwanza, akayakataa siku ya pili, siku ya tatu akala. Mama alikuwa mlangoni akisikiliza; alisema hilo hakuwahi kulijua.

Nyanya alizungumza mpaka taa ikawashwa. Nimeyaandika yote nyuma ya daftari langu la Kiswahili, na mhariri akinipa nafasi yatatoka katika toleo lijalo. Cuccìa iliyobaki tuliimaliza Jumapili asubuhi, kwa chumvi.